Programu Nne na Mbuzi Watatu

Wiki mbili kabla sijakabidhi funguo za studio yetu ya Mukuyuni, Kyalo na Faith waliniuliza swali moja, na kila mmoja alitaka nimjibu kwa upande wake. Tununue programu gani ya kuhariri video? Kyalo anataka ile ya kulipiwa kila mwezi. Faith anasema ya bure inatosha, na kwamba Kyalo hupenda ya kulipia kwa sababu inamfanya ajione yuko Nairobi. Niliwaambia nitawajibu kwa maandishi, kwa kuwa nikisema kwa mdomo watanikatiza kabla sijafika popote. Sasa nimestaafu, nina meza, nina kalamu, na hakuna kompyuta inayonisubiri niibembeleze iwake.

Haya basi. Yatakuwa marefu kuliko swali. Kama mlitaka jibu fupi mngemuuliza muuzaji.

Kazi hii niliianza mjini Kitui, kwa Mzee Salim, ambaye watu wake walitoka pwani zamani sana wakaota mizizi pale sokoni. Alikuwa na studio ya picha na kamera moja ya video, kubwa, ya kubebwa begani. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani nikidhani nitaishika hiyo kamera. Badala yake alinipa kitambaa laini na chupa ya spiriti, akanionyesha jinsi ya kusafisha vichwa vya deki, zile mashine za kuchezea kanda. Nilisafisha deki wiki nzima. Siku ya tatu moja ilikwama nikamwita, "Mzee, hii kitu imeharibika." Alinyanyua miwani yake. "Kitu hiki, binti yangu. Kitu hiki kimeharibika. Haya, sasa tukitengeneze." Hadi leo nikikosea ngeli huwa namsikia, ingawa kukosea sijaacha.

Siku hizo hatukuwa na programu, tulikuwa na vidole. Unaweka deki mbili, moja inacheza kanda ya sherehe, nyingine inarekodi unachokitaka. Kidole kimoja kwenye pozi ya hii, kitufe cha kuisimamisha, kingine kwenye pozi ya ile. Ukichelewa kidogo kwenye dakika ya arobaini, unarudi mwanzo na bwana harusi anaanza upya kutembea. Ubaya wake ninyi mnauona wenyewe. Uzuri wake hamwezi kuuona, kwa hiyo niseme: ilibidi uitazame sherehe nzima kabla ya kukata chochote. Kukata kulikuwa na uchungu, kwa hiyo hukukata ovyo.

Mzee Salim alikuwa na sheria moja. Kanda ya asili hairekodiwi tena juu yake, hata kama dukani kanda zimekwisha na wateja wamepanga foleni. Unaandika jina, mahali na shughuli, kisha unaiweka sandukuni. "Hii ni amana ya watu," alikuwa akisema. Mimi niliona ni uzee tu. Sanduku lilijaa, tukaleta lingine, na nilipoolewa huku Makueni na kufungua studio yangu mwenyewe, tabia hiyo nilihama nayo kama mtu anavyohama na kikohozi.

Kompyuta ilipokuja, ilikuja na programu ya kwanza, ile ambayo ninyi mmeizoea kuiita Babu. Ilikuwa ya rangi ya kijivu kama sufuria kuukuu, na iliuzwa pamoja na kadi ya kuvutia picha kutoka kwenye kanda kwa waya. Uzuri wa Babu: haombi intaneti, hali nguvu nyingi za mashine, na anazielewa kanda. Ubaya wake: anaganda bila kukuonya. Na kurenda, yaani kungoja kompyuta iviunganishe vipande vyote viwe video moja, kulichukua muda wa kutosha kupika muthokoi wa mahindi makavu ukaiva, ukala, ukaosha vyombo, na urudi umkute amefika nusu.

Jambo lingine kuhusu Babu ni mapambo. Alikuwa na njia zaidi ya mia za kutoka picha moja kwenda nyingine: mioyo, milango inayofunguka, ukurasa wa kitabu unaogeuka. Tulizitumia zote. Kama ulifanya sherehe Mukuyuni miaka ile, uso wako umewahi kukunjwa kama ukurasa, na aliyeukunja ni mimi.

Ninyi mnalijua hili lakini wateja hawalijui, na wakati mwingine hata ninyi mnajisahaulisha: programu hizi hazimezi picha. Kazi unayoihifadhi ndani yake ni maelekezo tu. Toa kipande hiki pale, kiweke hapa, kifupishe, kitie muziki. Picha zenyewe zinakaa kwingine kwenye diski. Ukizifuta ili upate nafasi, maelekezo yanabaki, lakini yanakuelekeza kwenye nyumba iliyobomolewa. Mimi nilifuta nyingi, maana diski zilikuwa ndogo na sherehe za Ukambani ni ndefu.

Sasa niwaambie kuhusu Ndanu.

Ndanu alizaliwa hapa karibu na Mukuyuni, akaenda kushona nguo Kambu, kule barabara ya Mombasa, na huko akakutana na Kilonzo, mchomeleaji vyuma kutoka Zombe. Watu wa Kilonzo walipoleta ntheo, mimi ndiye niliyeitwa kupiga video. Faith, wewe umeolewa huku kutoka Meru, kwa hiyo nikueleze kidogo. Ntheo ni mbuzi, na kwa Kilonzo walikuwa watatu. Mahari inaweza kuendelea kulipwa hata mpaka wajukuu wazaliwe, lakini mbuzi wa ntheo wakishapokewa nyumbani kwa msichana, na mmoja akachinjwa na pande zote mbili zikala, huyo ni mke wa mtu. Bila hao mbuzi, hata mkija mara kumi na sukari na blanketi, mmetembeleana tu.

Ilikuwa siku nzuri. Mbuzi mmoja alifika langoni akakataa kuingia. Alipanda miguu yake chini, na kaka mkubwa wa Kilonzo, Musyoka, mtu mzima mwenye kofia na koti la heshima, akawa anavutana naye kwa kamba huku akina mama wakicheka hadi wanashikana. Mwishowe aliingia. Musyoka akafuta jasho, akasema maneno yanayosemwa, kwamba hawa ndio mbuzi wa ntheo na kuanzia leo mtoto wenu ni wetu. Nilipiga yote kwenye kanda, bila kuzima.

Siku ya kuhariri alikuja shangazi yake Ndanu, mama wa kanisa, akaketi kando yangu na mkoba wake magotini. Tulipofika kwa mbuzi akaukumbatia mkoba.

"Mama Mumo, na hii damu yote ni ya nini? Sisi ni watu tumeokoka. Pastor ataona hii."

"Si ndiyo ntheo yenyewe, mwaitu, mama yangu."

"Ntheo tunajua ilifanyika. Wewe weka maombi, weka wimbo, weka watu wakikula. Hiyo ingine toa."

Nikatoa. Niliondoa damu, kisha nikaona kipande kilichobaki hakikai vizuri, nikaondoa na langoni, na maneno ya Musyoka, na mbuzi wote watatu. Pengo lilipobaki nikalifunika kwa ule ukurasa unaogeuka. Wageni wanafika, ukurasa unageuka, watu wanakula chapati. Kwenye deki mbili kazi hiyo ingenichukua asubuhi nzima na ningejiuliza mara mbili. Kwa Babu ilikuwa kubonyeza mara tatu. Shangazi alinisifu sana, akasema video ni safi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi tangu siku hiyo niliwakata mbuzi wa kila mtu, hata wa wasioomba.

Baada ya Babu alikuja Tajiri, anayempendeza Kyalo. Sitamsema vibaya bila haki. Rangi zake ni nzuri, sauti anazisafisha, na ukishirikiana na mtu wa mbali mnaelewana kwa kuwa wote mnamtumia yeye. Lakini ni wa kukodi. Mwezi ukiisha hujalipa, anakufungia mlango na kazi zako ziko ndani. Tena kila mara anajibadilisha mwenyewe. Unakuja asubuhi unakuta kitufe ulichokizoea kimehamishwa, kama mtu aliyeingia jikoni mwako akapanga upya vijiko.

Kisha Bure, wa Faith. Ana uwezo kama Tajiri, pengine zaidi kwenye rangi, na hakudai leseni. Anachodai ni mashine. Tulipomweka kwenye kompyuta yetu ya kwanza aliwaka, akatutazama, akazima kila kitu. Rahisi huwa ghali. Tukabadilisha mashine, na tangu hapo amekuwa mfanyakazi mzuri, ingawa ana vyumba vingi mno na bado kuna viwili ambavyo sijawahi kuingia.

Ya nne ni ile ya simu. Msiidharau. Tangazo la mazishi, salamu za pole, kipande cha kuweka kwenye grupu ya ukoo: ndani ya dakika kumi kimekwisha, na mteja hajamaliza chai. Ubaya wake ni kwamba inapenda kumrembesha kila mtu bila kuulizwa. Nimewahi kuona mzee wa miaka themanini ametolewa makunyanzi, mke wake akauliza huyu ni nani.

Hayo ndiyo ningewaandikia nikaishia hapo, kama Ndanu asingerudi mwaka jana.

Alikuja asubuhi, amejifunga leso kichwani, ana DVD mkononi ndani ya karatasi ya nailoni. Sikumtambua mpaka alipojitaja. Miaka kumi na mbili ilikuwa imepita. Kilonzo alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa ghafla, mazishi ni baada ya siku nne, Zombe. Musyoka alikuwa amesema mbele ya ukoo kwamba ndugu yake hakuoa. Kwamba kulikuwa na mwanamke aliyekaa naye Kambu, basi. Jina la Ndanu halikuwekwa kwenye karatasi ya mazishi, na aliambiwa akitaka aje kama majirani wengine wanavyokuja. Yeye na binti yake.

"Walisema nilete ushahidi," alisema. "Harusi ya kanisa tulikuwa tunapanga, kila mwaka tunasema mwaka ujao. Baba alishakufa. Mjomba amepata stroke, haongei. Wale wengine wakisema wanaambiwa ni watu wa upande wangu. Nikakumbuka video. Nikaenda nayo kwa chifu, tukaangalia wote."

"Halafu?"

"Musyoka akasema hiyo ilikuwa visit. Watu walikuja, wakaimba, wakakula chapati, wakaenda. Akauliza, mbuzi wako wapi?" Aliiweka DVD mezani. "Mama Mumo, mbuzi walienda wapi?"

Nimekuwa kwenye kazi hii miaka mingi na nimewahi kuulizwa maswali mengi na wateja. Hilo lilinifanya nikae chini. Nilimwambia ukweli, kwamba niliwatoa mimi. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Aliuliza tu kama wanaweza kurudishwa kabla ya kesho kutwa, kwa sababu chifu alikuwa amewapa wazee siku hiyo moja ya mwisho kusikiliza.

Tulianza na Babu, kwenye ile mashine ya zamani kule nyuma ambayo Kyalo alikuwa ametaka tuitupe. Iliwaka. Kazi ya Ndanu ilikuwepo, jina lake hilo hapo, maelekezo yote kamili, na mahali pa picha pamejaa rangi nyekundu. Nyumba ilikwisha kubomolewa. Kyalo akajaribu kuyahamishia maelekezo hayo kwa Tajiri.

"Madam, inasema haijui hii file ni ya nini," aliniambia. "Tena inataka ni-sign in upya, subscription iliisha jana."

Faith alijaribu kwa Bure. Bure alifungua kwa adabu, akatuonyesha weusi mtupu wa dakika arobaini na saba. Ya simu hatukuihangaisha. Programu zote nne zilikuwa zimeshindwa kumkumbuka mbuzi hata mmoja, na Ndanu ameketi pale kwenye kiti cha wateja ameshika mikono yake.

Nilienda kwenye sanduku. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwaambia, maana wakati Babu alipokuwa akigandaganda na kanda mpya zikiadimika dukani, kuna miezi niliyoivunja sheria ya Mzee Salim na kurekodi juu ya kanda za watu. Sikukumbuka ni zipi. Nilitoa kanda moja moja. Ya Ndanu ilikuwa safu ya tatu, maandishi yangu mwenyewe: Ndanu, Mukuyuni, ntheo. Hiyo haikuthibitisha chochote, maana waweza kuandika hivyo na ndani ukakuta mahafali ya nasari.

Kamera ya zamani ilikubali kuimeza kanda. Waya ulipatikana. Na hapo niliwaona ninyi wawili mkisimama nyuma yangu kimya, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla, wakati Babu alipoanza kuvuta picha. Viti. Mahema. Watoto wakikimbia mbele ya kamera. Kisha lango, na mbuzi amepanda miguu yake chini amekataa. Ndanu alitoa sauti ndogo. Mimi nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia kwa kumfurahia mbuzi.

Kwa hiyo Kyalo, Faith, jibu lenu ni hili. Nunueni yoyote. Tajiri kama mna wateja wa Nairobi, Bure kama hamna, ya simu kwa haraka, na msimtupe Babu, kwa maana usitupe mbachao kwa msala upitao. Lakini badala ya kuulizana ipi ina rangi nzuri, ulizaneni hivi: mtu akirudi baada ya miaka kumi na mbili, tutamwonyesha nini? Hakuna programu itakayowajibia hilo. Wekeni picha za asili mahali pawili, ziandikeni majina, na kabla hamjakata, angalieni yote mpaka mwisho.

Ya Zombe sikuwahi kuwasimulia sawasawa. Mlinikuta nimechoka mkaniacha nilale.

Tulifika asubuhi, mimi na Ndanu. Ofisi ya chifu ilikuwa na wazee sita kwenye benchi mbili, karani wa kike mezani, na Musyoka karibu na dirisha, kofia ile ile. Nilikuwa nimekuja na flashi na kompyuta ndogo. Wakaona lango, wakaona mbuzi, wakasikia maneno. Nikadhani tumemaliza.

Musyoka hakupandisha sauti. "Mimi siwezi bishana na kompyuta," alisema. "Siku hizi wanakuweka kwa ndege na hujawahi panda. Huyu mama amekaa na ndugu yangu mpaka akafa, na mimi nikaambiwa na mtu wa kuuza mahindi barabarani kwamba ndugu yangu amekufa. Sasa ameleta sinema."

Nikaelewa hapo alikokuwa anaumia.

Mzee Nzioka, aliyekuwa akiongoza wale wazee, alinigeukia. "Mama, hii iko kwa kompyuta. Ile kanda yenyewe ya siku hiyo iko?"

Ilikuwa kwenye mkoba wangu, pamoja na kamera. Televisheni tuliiazima kwenye hoteli ya chai iliyo ng'ambo ya barabara, wakaileta watu wawili. Nikachomeka waya moja kwa moja kutoka kwenye kamera, bila kompyuta katikati. Picha ikaja, safari hii na tarehe na saa pembeni, kama kanda zile zinavyoandika zenyewe. Musyoka akasogea, akainama kusoma. Kisha akajinyoosha polepole.

"Someni hiyo saa."

Ilisema saa nne na dakika kumi na mbili, kwa hesabu ya Kizungu, asubuhi. Yaani kwetu ni saa kumi za usiku.

"Ni nani analeta ntheo saa kumi ya usiku?" Musyoka aliuliza. "Sisi ni wezi wa mbuzi?"

Wazee wawili walicheka, lakini si kwa upande wetu. Ndanu alinitazama. Nilikuwa naijua kamera hiyo na haijawahi kunidanganya. Nikaitazama picha. Jua kali, kivuli cha mbuzi kifupi chini yake. Nikaanza kurudi nyuma kichwani, asubuhi ile, kabla ya wageni kufika, nikibadilisha betri ndogo ya saa ya kamera kwa sababu ilikuwa imekufa, na kamera ikaniuliza ni saa ngapi.

Mzee Nzioka alinitangulia. "Mama, saa ya hiyo kamera uliweka wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Uliangalia wapi?"

"Sikuwa na saa. Niliuliza mjomba wa Ndanu, alikuwa anapanga viti."

"Akasema nini?"

"Akasema saa nne."

"Na wewe ukaweka?"

"Nikaweka nne."

Karani akaangua kicheko mezani, akaziba mdomo na faili. "Pole, lakini hata mimi nilikosa interview hivyo. Waliniambia saa tatu, nikafika saa tisa."

Sasa walicheka wote, na kicheko hiki kilikuwa cha upande wetu. Hakuna mtu pale ambaye hajawahi kunaswa na hizo hesabu mbili za saa tunazoishi nazo, yetu na ya Kizungu. Mzee Nzioka alingoja watulie. "Saa nne yetu ndiyo ikaandikwa nne ya Kizungu," alisema. "Na jua haliwezi kuwaka hivyo usiku. Musyoka, huyo mtu anavutana na mbuzi ni nani?"

Musyoka aligeuza uso dirishani. Chifu alimwambia karani aandike kwamba ntheo ilipokewa, na kwamba Ndanu ni mke wa marehemu, na jina lake liwekwe kwenye karatasi ya mazishi lilipostahili kuwa, la kwanza. Karani aliandika. Nilisikia kalamu yake, nikahisi mzigo niliokuwa nimeubeba miaka kumi na mbili bila kujua umetuliwa chini. Nikainuka kuchomoa waya.

"Ngoja," alisema Musyoka. "Rudisha kidogo."

Nilidhani ameona kingine cha kubishia. Nikarudisha hadi langoni.

"Mbele kidogo. Hapo. Wacha hapo."

Pembeni mwa picha, nyuma ya akina mama, alikuwa amesimama Kilonzo, ameshika tumbo kwa kucheka. Anamwita kaka yake kwa jina, anamwambia kwa Kikamba kwamba mbuzi huyo ana akili kumzidi, halafu anacheka tena, kicheko kirefu cha mtu asiye na wasiwasi wowote. Ndani ya DVD ya Ndanu kicheko hicho hakimo. Nilikuwa nimekikata pamoja na mbuzi, na mpaka siku hiyo sikuwa nimejua kwamba kipo.

Tulikitazama, Musyoka akaomba kirudiwe. Tukakitazama tena. Mara ya tatu alivua kofia akajifuta nayo uso, na hakuna aliyemwangalia. Kisha akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi kando yake. Tangu asubuhi alikuwa akisema "huyu mama".

"Shemeji, kuja ukae hapa," alisema. "Hapo kwa mlango huoni vizuri."

Ndanu alikuja akaketi. Nikairudisha kanda mara ya nne.